Krzyżowa: kwa nini wamepewa vijana

Umeuliza kwa nini jumba la jemadari wa Kijerumani kijijini Krzyżowa, tena likiwa Poland, limefanywa kituo cha vijana badala ya makumbusho tu. Jibu liko kwenye yaliyotokea pale. Jemadari huyo, Helmuth von Moltke, alilinunua shamba lenye jumba hilo 1867, likiitwa Kreisau kwa Kijerumani. Lakini Helmuth James, wa ukoo huohuo, ndiye aliyewakusanya pale wapinzani wa Hitler 1942 na 1943, katika nyumba ndogo ya kilimani, wakajadili Ujerumani bila Wanazi itaongozwaje. Alinyongwa Januari 1945. Baada ya vita likawa shamba la serikali ya Poland, majengo yakachakaa vibaya.

Tarehe 12 Novemba 1989, siku tatu baada ya Ukuta wa Berlin kufunguka, Kansela Kohl wa Ujerumani Magharibi na Waziri Mkuu Mazowiecki wa Poland walihudhuria misa uani pale, wakakumbatiana wakati wa kupeana amani. Kituo cha vijana kilifunguliwa rasmi 1998. Mazizi na maghala sasa ni mabweni, ukumbi wa chakula na vyumba vya warsha. Maonyesho ya historia yapo pia, ndani ya jumba lenyewe. Mimi naunga mkono kabisa: wale wa kilimani walikuwa wanazungumzia kesho.