Pete ya ndoa: platinamu au dhahabu nyeupe? Jibu kutoka meza ya sonara

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu. Muuzaji kakuambia platinamu haikwaruziki, je ni kweli? Utaijuaje usije ukabambikiwa madini ya fedha? Na je, inafaa kuongeza hela uchukue platinamu badala ya dhahabu nyeupe? Mimi ni sonara, hayo madini napokea yote mawili, mapya na ya kutengeneza, kwa hiyo nitakuambia ninachokiona kazini.

Hapo kwenye mikwaruzo umepigwa fiksi. Platinamu inakwaruzika, tena mara nyingi upesi kuliko dhahabu nyeupe, kwa sababu dhahabu nyeupe ya karati 18 huwa ngumu zaidi. Tofauti iko kwenye kinachotokea baada ya mkwaruzo. Dhahabu ikisuguliwa, chembe zinatoka na kwenda zao. Platinamu ina unyumbufu wa ajabu: kitu kikali kikipita juu yake, kinachimba kamfereji, na madini yaliyotoka kwenye kamfereji hayaondoki, yanasukumwa pembeni na kulala kama tuta jembamba. Chukua lenzi ya sonara uangalie pete iliyovaliwa muda mrefu, utayaona matuta hayo yamepishana kila upande. Ndiyo maana naletewa pete za dhahabu za kurithi zimelika upande wa kiganjani hadi zimebaki nyembamba kama waya, ilhali ya platinamu ya umri huohuo imefubaa tu, unene wake upo karibu kama ulivyokuwa.

Kufubaa kwenyewe ujiandae nako. Ule mng'ao wa kioo wa dukani utaondoka, utabaki mweupe wa kijivu uliotulia. Wako wanaoupenda (mimi mmojawapo). Usipoupenda, sonara anayarudisha matuta kwa chuma kigumu chenye uso laini cha kusugulia, kisha anaanza kung'arisha. Hapo ndipo bei ya fundi inapotokea. Dhahabu inasamehe ukiruka hatua, lakini platinamu lazima uishushe msasa kwa msasa, na ukiruka mmoja mistari yote inajitokeza chini ya mng'ao.

Dhahabu nyeupe nayo ina hadithi yake ambayo wauzaji huimeza. Dhahabu kwa asili ni ya njano. Huchanganywa na paladiamu au nikeli ili ipauke, halafu mara nyingi hupakwa utando mwembamba wa rodiamu (madini meupe yanayong'aa), na weupe ule mkali unaoupenda dukani ndio huo utando. Ukilika, rangi ya umanjano inachungulia, kuanzia upande wa kiganjani, na pete inarudi kwa sonara kupakwa upya. Yenye nikeli huwawasha baadhi ya watu. Platinamu ni nyeupe kutoka nje hadi ndani, na haishiki kutu wala kubadilika rangi kwa jasho.

Kwenye kushika kito sasa, hapo nakiri nina upendeleo. Vile vikucha vinavyoshikilia jiwe ukivifanya vya platinamu, ukivilaza vinalala na havirudi nyuma. Vya dhahabu nyeupe hurudi kidogo kama springi, na vikisumbuliwa sana hukatika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Cartier, masonara wa Paris, walitengeneza mapambo ya almasi yenye fremu nyembamba kama lesi, na platinamu ndiyo iliyowawezesha, kwa sababu fedha ingehitaji unene zaidi ili ishike. Taji lililotengenezwa mwaka 1937 kwa ajili ya Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George VI, lenye almasi ya Koh-i-Noor, fremu yake ni platinamu.

Kuitambua. Ndani ya pete tafuta chapa ya 950 pamoja na Pt, yaani sehemu 950 kati ya 1,000 ni platinamu na zilizobaki ni ruthenamu, iridiamu, kobalti au kingine. Chapa mtu yeyote anaweza kuigonga, kwa hiyo pima uzito. Pete isiyo na jiwe ipime kwenye mizani ya sonara, kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani hiyohiyo, rudisha sifuri, uiingize pete kwa uzi izame bila kugusa kitako wala ubavu wa kikombe. Usomaji unaoupata ndio maji iliyoyasukuma. Tuseme pete ina gramu 8.28 na maji yamesoma 0.40: gawanya, unapata 20.7, hiyo ni platinamu 950. Fedha ingekupa kama 10, chuma cha pua karibu 8, dhahabu nyeupe ya karati 18 huzunguka 15 au 16. Yenye mawe hesabu hii inaharibika, mpelekee mwenye mashine ya kupima madini. Sumaku nayo isikudanganye: platinamu yenye kobalti huvutwa kidogo, na ni halali kabisa.

Kabla hujalipa, uliza ni nani atakayeipanua au kuipunguza siku kidole kikibadilika. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064, platinamu inataka 1,768. Inahitaji moto wa oksijeni, miwani myeusi, na chombo kisicho na kaboni kwa sababu kaboni huifanya iwe na nyufa. Zana zake hazichanganywi na za dhahabu. Nimeletewa pete ya platinamu iliyopanuliwa mahali fulani kwa lehemu ya dhahabu nyeupe: kwenye kiungo palikuwa na mstari wa manjano, na ukiuminya kwa ukucha pengo linafunguka. Kiungo cha platinamu huungwa kwa platinamu, au kwa leza, na kikifanywa vizuri hukioni hata kwa lenzi.

Kuhusu hela: tangu 2015 bei ya dhahabu duniani imekuwa juu ya ya platinamu, na bado pete ya platinamu si rahisi. Muundo uleule ukitoa gramu 5 za dhahabu nyeupe ya karati 18, wa platinamu unatoa zaidi ya gramu 6 na nusu, tena ikiwa 95% safi dhidi ya 75%. Juu yake weka muda wa fundi. Ukija kuiuza kama chakavu utaumia, kwa kuwa wanunuzi ni wachache na kuisafisha ni kazi, wakati dhahabu kila sonara anaichukua.

Kwa hiyo kama pete yako ina jiwe la maana na unaye fundi wa kuaminika, chukua platinamu. Kama ni pete ya duara tupu na bajeti inabana, dhahabu ya njano ya karati 18 ingekufaa kuliko hiyo nyeupe, wala hutahangaika na rodiamu.