Ninja 250 ya zamani: acha boksi la hewa mahali pake

Mkuu, usinunue hivyo vichujio vya koni, vile vinavyovikwa kwenye kabureta badala ya boksi la hewa lenye kichujio cha kiwandani. Kama umeshaviweka kwenye kikapu, vitoe usiku huu huu.

Nimesoma swali lako lote. Uko Columbus, Ohio, leseni ya pikipiki ni mpya, umeona Kawasaki Ninja 250 ya 1996 iliyolala gereji miaka mitano, na mwenyewe anataka dola 1,400. Unataka kuweka vichujio vya koni, ekzosi fupi, jeti kubwa (jeti ni vile vipande vyenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta), indiketa za LED na kukata madigadi ya nyuma. Halafu umeuliza bima, jaketi, na namna ya kuihifadhi msimu wa theluji; hayo sitayagusa hapa. Naanza na vichujio kwa sababu hapo ndipo injini zinapokufa, na kwa sababu wachangiaji wawili hapo juu wameshakwambia "weka tu, itapumua vizuri".

Haitapumua vizuri. Hiyo pikipiki ina kabureta mbili za Keihin, zile za vakyumu. Kwenye kabureta ya namna hiyo mkono wako hauinui slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani yake. Ukivuta mafuta unafungua kipepeo tu. Slaidi inainuliwa na tofauti ya presha: juu ya ile ngozi nyembamba ya mpira kuna mvuto wa injini, chini yake kuna hewa tulivu inayoingia kwa kitundu kidogo kilicho kwenye mdomo wa kabureta, upande wa boksi la hewa. Tofauti hiyo ikiwa imetulia, slaidi inapanda taratibu, inabeba sindano ya kupimia petroli, na petroli inapanda kwa kiasi kile kile cha hewa. Boksi ndilo linaloifanya hewa hiyo itulie. Wahandisi wa Kawasaki walilipima ujazo wake pamoja na kabureta hizo. Usilichukulie kama ndoo ya plastiki ya kubebea kichujio.

Sasa toa boksi, vika koni. Mara nyingi shingo ya mpira ya koni inaziba kile kitundu, nusu au chote. Hata isipoziba, hewa inafika mdomoni ikiwa inavurugika, kila silinda inavuta kivyake, na upepo wa pembeni ukipiga barabarani presha inabadilika tena. Slaidi inaanza kutetemeka badala ya kupanda. Dalili yake unaijua ukishaipanda: inawaka, inashika sailensa (inanguruma chini chini bila kuvuta mafuta), halafu ukivuta katikati, kuanzia kama mizunguko 4,000 hadi 8,000 kwa dakika, inamisi na kukosa nguvu, kisha ghafla inachomoka. Kwa dereva mgeni, kuchomoka ghafla katikati ya kona ni hatari kuliko kukosa nguvu.

Hapo mtu anaambiwa "weka jeti kubwa". Jeti kubwa inatawala pale mafuta yamevutwa karibu yote. Shida iko katikati, kwenye sindano na slaidi. Kwa hiyo juu inakula petroli kupita kiasi, katikati bado hewa ni nyingi na petroli kidogo, na chini jeti ndogo haijaguswa kabisa. Ananunua saizi nyingine, anafungua tena, anang'oa tena tangi, anavunja gasketi ya bakuli, ananunua gasketi. Akichoka anaipeleka kwa wenye mashine ya kupimia nguvu, wanalipwa kwa saa. Kufika hapo ameshatumia fedha ambazo zingenunua matairi mawili mapya na pedi za breki, na pikipiki bado inamisi.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Wanakuuzia vifurushi vya "hatua ya kwanza", "hatua ya pili", "hatua ya tatu" kwa maelezo yale yale ya injini ya lita moja, na kwenye kasha hawaandiki kwamba kabureta ya vakyumu inahitaji hewa tulivu. Na wale wa video wanaionyesha ikiwa imesimama, wanavuta mafuta mara mbili, sauti inanguruma, video inaisha. Hakuna anayekuonyesha ikienda maili 70 kwa saa kwa nusu saa nzima. Huo ndio mtihani wenyewe, na injini ndogo ndiyo inayoumia zaidi.

Sikiliza kwa nini. Pikipiki ya cc 1,000 ikienda maili 70 imevutwa kidogo tu, injini imelegea. Hii ni cc 248. Ukiwa barabara kuu ya I-71 kwa mwendo huo iko juu ya mizunguko 8,000, na kwenye kilima umevuta karibu yote. Kama mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo, joto linapanda na kubaki juu muda wote huo. Plagi zinakuwa nyeupe. Valvu za ekzosi zinaungua ukingoni na haziketi tena sawasawa. Baadaye pistoni inaanza kuliwa kichwani. Na hata ukibahatisha kila kitu kikae sawa, nguvu unayoongeza kwenye injini ya ukubwa huo ni ndogo sana, utaisikia masikioni kuliko mgongoni.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi. Wengi hawatoi boksi kwa kutafuta nguvu. Wanatoa kwa sababu walizitoa kabureta kuzisafisha, na kuzirudisha kumewashinda. Zile shingo za mpira kati ya boksi na kabureta zikizeeka zinakuwa ngumu, zinajikunja ndani, na mtu anahangaika mchana kutwa mpaka anasema bora koni. Dawa yake ni maji ya moto au mashine ya kukaushia nywele. Pasha mpira mpaka ulainike ukiubonyeza kwa kidole, paka sabuni ya maji kidogo mdomoni, legeza boliti za boksi lirudi nyuma kidogo, kisha sukuma kabureta zote mbili kwa pamoja. Pitisha kidole kuzunguka kila shingo uone kama mdomo umekaa nje ya kabureta pande zote. Upande usiouona, tumia kioo kidogo na tochi. Shingo ikijikunja hata sehemu ndogo, hewa isiyochujwa inaingia na utarudi kwenye dalili zile zile za koni. Kama zimepasuka, nunua mpya.

Basi kanuni ni hii, na ningekuwa na uwezo ningeiandika juu ya tangi lako: usiguse chochote kinachobadilisha hewa au petroli mpaka injini ikiwa kama ilivyotoka kiwandani iwake baridi, ishike sailensa ikiwa moto, na ivute kutoka chini hadi juu bila kumisi. Ikifika hapo, utagundua haidai koni.

Kuifikisha hapo ndiyo kazi yako ya kwanza. Imelala miaka mitano, kwa hiyo tatizo la kwanza ni petroli iliyokaukia ndani. Chini ya kila bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa angavu, fungua, tazama. Ikitoka ya manjano iliyokolea na harufu kali kama ya rangi ya mbao, jeti ndogo zimeziba. Tundu la jeti ndogo ni jembamba sana, na ndilo linalolisha injini ikiwa kwenye sailensa. Ndiyo maana muuzaji atakwambia "inawaka ila lazima ushikilie choki". Akisema hivyo, amekwambia kabureta ni chafu.

Usimimine dawa ya tangi ukategemea muujiza. Zitoe. Fungua kabureta moja kwanza, uache ya pili nzima uwe na pa kuangalia unapoirudisha. Toa jeti zote, mulika kwenye taa: lazima uone duara kamili la mwanga. Usichokonoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu na jeti itakuwa imekwisha kazi. Tumia uzi mmoja wa waya wa shaba, dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Kabla ya kupuliza, toa ile ngozi ya mpira ya juu. Dawa ya kabureta inaivimbisha na upepo unaweza kuichana. Inyooshe mbele ya taa uangalie matobo. Tobo dogo kama ncha ya pini linatosha kuzuia slaidi isipande.

Pikipiki hizi zilizouzwa Marekani zina skrubu ya kurekebisha sailensa iliyofunikwa kwa kizibo cha shaba kiwandani, kwa sababu za sheria ya moshi, na zimewekwa zikibana petroli. Kama ikiwa baridi inasumbua sana baada ya kusafishwa, toboa kizibo kwa uangalifu, funga skrubu taratibu mpaka iguse bila kuikaza, kisha rudisha nyuma mizunguko miwili na nusu. Na kama katikati petroli bado ni kidogo, washa (kipete cha chuma) moja nyembamba chini ya kila sindano inatosha. Hayo ndiyo marekebisho ya petroli ninayoyakubali, na yanafanyika boksi likiwa mahali pake.

Kabla ya kulaumu kabureta, kagua valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, uwazi wa valvu za kuingiza ni milimita 0.08 hadi 0.13, za ekzosi 0.11 hadi 0.16. Kitabu kinataka zikaguliwe kila maili 6,000. Zinarekebishwa kwa skrubu na nati, hakuna vifaa vya ajabu, fila geji tu (vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi) na uvumilivu. Watu wanasubiri kusikia kelele. Valvu iliyolegea inapiga kelele, ila iliyokaza iko kimya, na iliyokaza ndiyo inayoungua. Injini inayokataa kuwaka ikiwa baridi, au inayobadilisha sailensa kila ikipata moto, mara nyingi ni valvu zilizokaza, na mwenyewe ameshanunua jeti.

Usisahau mipira ya upande wa injini, ile inayoshika kabureta kwenye kichwa cha silinda. Ikipasuka inaingiza hewa. Ikiwa kwenye sailensa, nyunyizia maji kidogo kuizunguka. Mlio ukibadilika, umepata ufa.

Fedha uliyotenga kwa koni na ekzosi peleka kwenye matairi. Angalia ubavuni namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi lenye zaidi ya miaka 10 toa hata kama kashata zake bado zimesimama, mpira umekuwa mgumu na kwenye barabara yenye maji haushiki. Saizi ni 100/80-16 mbele na 130/80-16 nyuma, rimu za inchi 16, kwa hiyo chaguo si kubwa, agiza mapema. Upepo, tairi zikiwa baridi, psi 28 mbele na 32 nyuma. Mafuta ya breki badilisha yote, DOT 4, maana yananyonya unyevu hata pikipiki ikiwa imesimama. Mpira wa breki wa mbele kama ni wa tangu 1996, weka mpya wa nyuzi za chuma pamoja na washa mpya za shaba. Hiyo ndiyo upgredi utakayoisikia kwenye kidole siku ya kwanza.

Kama lazima uweke kitu kipya ufurahi, weka spoketi ya mbele ya meno 15 badala ya 14. Ni rahisi, na kwenye barabara kuu injini inashuka mizunguko kwa karibu asilimia 7. Spidomita haidanganyiki kwa sababu inasoma gurudumu la mbele. Angalia tu cheni, huenda ukahitaji kusogeza gurudumu la nyuma mbele kidogo, na kama cheni imeliwa badilisha pamoja na spoketi zote mbili. Indiketa za LED sawa, weka na relei yake, la sivyo zitawaka mbio mbio. Madigadi usikate, utapigwa matope mgongoni na bei ya kuuza itashuka.

Koki ya petroli ina alama za ON, RES na PRI. PRI inamwaga petroli bila kusubiri injini, ni ya kujaza kabureta zilizokauka tu. Ukiiacha hapo usiku, na sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, ikawa imechoka, petroli inashuka mpaka kwenye silinda na kuingia kwenye oili. Siku ya kwenda kuiangalia, kabla muuzaji hajaiwasha, fungua kizibo cha oili unuse. Ikinuka petroli, isiwashwe mpaka oili imebadilishwa na kabureta zimefunguliwa.

Mwambie muuzaji asiipashe moto kabla hujafika, weka kiganja kwenye injini uhakikishe ni baridi. Kisha inua kiti na uchungulie chini ya tangi. Ukiona koni mbili badala ya boksi jeusi, muulize boksi liko wapi. Kama analo kwenye kona ya gereji, lichukue pamoja na shingo zake na kibano kila kimoja. Kama alilitupa, tafuta kwanza bei ya boksi zima la mtumba lenye shingo nzima, itoe kwenye zile dola 1,400, na akikataa kupunguza muache nayo.