Dada, usisaini hiyo fomu kesho

Umeuliza watafiti wa afya ya akili wanaokuita kwa vile uliwahi kulazwa wakulipe posho ngapi, na kama uende na barua ya daktari. Mimi nimeishia pale ulipoandika "wamesema jina halitatajwa." Mwili ulinisisimka. Ndiyo niliyoambiwa mwaka 2019.

Nilikaa mbele ya kinasa sauti kwa muda wa saa mbili nikaeleza yote, hadi usiku ule niliojaribu kujitoa uhai. Ripoti ikatoka. Jina langu kweli halikuwemo. Kilichokuwemo ni mwalimu wa chekechea, miaka 34, mama wa mapacha, na lokesheni yetu. Tuko wangapi hao Kilifi? Mwalimu mkuu aliisoma kabla yangu. Wazazi wakaanza kuhamisha watoto darasani kwangu. Na wakati huo kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilikuwa kingali kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu imekuja kusema kinakiuka Katiba Januari 2025. Kwa miezi, nikisikia gari la polisi mikono inatetemeka.

Nilipompigia mtafiti akanijibu: "Lakini ulisaini." Huyo huyo aliyeniita mtafiti mwenza mbele ya wafadhili! Maswali yalikuwa yameshapita kamati ya maadili inayoidhinisha tafiti kabla sijaitwa, na rasimu hakuna aliyenionyesha. Mpaka leo sijamsamehe.

Na asikwambie mtu kwamba mgonjwa hawezi kuwa mtafiti kweli kweli. King's College London ina kitengo kiitwacho SURE, ambako waliopitia huduma za akili ndio watafiti. Mwaka 2003 Diana Rose wa kitengo hicho na wenzake walipitia tafiti kuhusu matibabu ya akili kwa mshtuko wa umeme, wakakuta angalau theluthi moja ya wagonjwa wanasema kumbukumbu zilipotea zisirudi. Tena tafiti zilizofanywa na wagonjwa wenyewe zilionyesha walioridhika ni wachache kuliko zile za madaktari. Mgonjwa humwambia mgonjwa mwenzake yale anayomficha daktari.

Kwa hiyo waandike kwenye fomu, kabla kinasa hakijawashwa, kwamba utasoma kila sentensi inayokuhusu na una haki ya kuifuta kabla haijachapishwa. Kuambiwa kwa mdomo usikubali. Wakikataa, rudi nyumbani. Nimeshashiriki tafiti mbili nyingine kwa sharti hilo. Katika moja nilifuta mapacha na lokesheni, na utafiti haukupungukiwa kitu.

Fomu yenyewe ina kurasa ngapi? Ipige picha unitumie kwa ujumbe wa faragha, usiiweke hapa. Leo nakesha.