Mshindi wa 143

SWALI: Mimi na wenzangu huwa tunacheza mchezo wa kompyuta unaoiga mbio za baiskeli za wiki tatu. Mbio zikiisha, mimi ndiye ninayeandika matokeo. Safari hii niliandika hivi: "Msimamo wa mwisho kwa ujumla: mshindi wa kwanza, saa 84:12:07, mshindi wa pili, nyuma kwa 3:41, mshindi wa tatu, nyuma kwa 5:02", nikashuka hivyo hivyo hadi mshindi wa 143, aliyekuwa nyuma kwa zaidi ya saa 5. Mwenzangu mmoja akanikosoa kwamba "kwa ujumla" si sahihi, ilitakiwa iwe "kwa jumla". Tumebishana mpaka tumechoka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako.

Neno jumla tumelipata kwa Waarabu, na kwao kama kwetu ni vitu vilivyokusanywa vikawa kitu kimoja. Sasa tazama mbio zenu zinavyokwenda. Kila hatua, yaani kipande cha mbio cha siku moja, mpanda baiskeli anaandikiwa muda wake. Akipata sekunde za bonasi anapunguziwa, akiadhibiwa anaongezewa. Siku ya 21 ikiisha, nyakati zote zinajumlishwa, na mwenye muda mdogo kuliko wote ndiye anayekaa juu. Hiyo ndiyo jumla, na hapo neno si pambo, ni hesabu yenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa wa kwanza kwa jumla katika Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, bila kushinda hatua hata moja ya mwaka huo: Roger Walkowiak alifanya hivyo mwaka 1956, Greg LeMond mwaka 1990, Chris Froome mwaka 2017. Hata kuanzia 1905 hadi 1912, mbio hizo zilipokuwa zikiamuliwa kwa pointi badala ya muda, ilikuwa ni jumla vilevile, ila ya pointi, na mwenye chache ndiye aliyekuwa mbele.

Ujumla ni kitu kingine. Ni kulisema jambo bila kuingia ndani yake. "Kwa ujumla mbio zilipendeza" ni kauli ya mtu ambaye yapo mawili matatu hayakumpendeza, ila ameamua kuyanyamazia. Kwa hiyo ukiandika kwamba fulani "ameshinda kwa ujumla", msomaji makini anakaa mkao wa kusubiri "lakini". Ameshinda kwa ujumla, lakini? Lakini nini? Alidandia gari?

Swali lako limekwisha. Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza, wala huyo mwenzako mwenye jicho kali hakuliona, ingawa lilikuwa limejipanga mbele yenu mistari 143: hao washindi.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa kutafuta mtu aliyeshindwa katika mbio zenu, sikumpata. Wa kwanza mshindi. Wa pili mshindi. Wa 60, ambaye nadhani hata wewe uliyeandika jina lake hulikumbuki, mshindi. Na huyo bwana wa 143, aliyefika zaidi ya saa 5 baada ya wa kwanza kwa hesabu ya jumla, wakati ambao mtu angeweza kulala, kuamka na kupiga mswaki, naye mshindi. Kamshinda nani? Nyuma yake hakuna mtu!

Najua utaniambia umefuata kanuni. Kama yupo mshindi wa pili na mshindi wa tatu, kwa nini tusiendelee? Na hapo ndipo ninapokusifu, maana umefanya kile ambacho watangazaji wetu wa michezo hawathubutu kukifanya: umelipeleka kosa hadi mwisho wake. Wao huishia kwenye "mshindi wa tatu", halafu wa nne ghafla anageuka kuwa "aliyeshika nafasi ya nne". Kimetokea nini kati ya watatu na wanne hata ushindi ukayeyuka? Hawasemi. Wewe angalau hukuwabagua.

Tuanze na umbo la neno. Anayeshinda ni mshindi. Anayeshindana na wengine ni mshindani, na methali inamjua: asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyeshindwa naye ana jina lake, mshinde, ingawa siku hizi utamkuta kamusini zaidi ya midomoni. Kati ya mshindi na mshinde kuna tofauti ya irabu moja tu, na lugha iliyojitaabisha kuwatenganisha kwa uzi mwembamba kiasi hicho haistahili kukuta wote wawili wametupwa kwenye kapu moja. Washindani wenu walikuwa 143 walipomaliza, na walipoanza huenda walikuwa wengi zaidi. Mshindi kwa jumla ni mmoja.

Tena nambari ya mpangilio ina kazi yake katika Kiswahili, na kazi hiyo si hii. Tukisema "rais wa pili", tunamaanisha nani? Aliyepata kura nyingi baada ya aliyeshinda? La. Tunamaanisha aliyeshika kiti baada ya rais wa kwanza kuondoka. Mke wa pili si yule aliyekaribia kuolewa. Basi "mshindi wa pili" wa Tour de France ni nani? Mbio hizo zilianza mwaka 1903, hatua 6, na mshindi alikuwa Maurice Garin. Mwaka 1904 Garin alifika wa kwanza tena, ila baadaye yeye na watatu waliomfuata wakafutwa kwa udanganyifu, na ushindi akapewa aliyekuwa wa tano, Henri Cornet, kijana wa miaka 19. Kwa Kiswahili kilichonyooka, Cornet ndiye mshindi wa pili wa Tour de France: wa kwanza Garin, wa pili yeye. Lakini kwa Kiswahili cha redioni, "mshindi wa pili" ni Lucien Pothier, aliyefika nyuma ya Garin mwaka 1903 kwa karibu saa 3. Karibu saa 3! Mpaka leo hakuna pengo kubwa kuliko hilo kati ya wa kwanza na wa pili katika historia ya mbio hizo, nasi tunamwita mshindi.

Mfano ninaoupenda, na nitaumaliza wote, ni wa Raymond Poulidor. Huyu alikuwa Mfaransa, akakimbia Tour de France mara 14 kati ya 1962 na 1976. Alimaliza wa pili mara 3: 1964, 1965 na 1974. Alimaliza wa tatu mara 5. Hakushinda hata mara moja. Si hivyo tu: jezi ya njano, ambayo huvaliwa na anayeongoza kwa jumla na ambayo watu wasiojulikana kabisa wamewahi kuivaa kwa siku moja mbili, Poulidor hakuivaa hata siku moja. Mjukuu wake, Mathieu van der Poel, ndiye aliyekuja kuivaa mwaka 2021, babu akiwa ameshafariki. Mwaka 1964 babu alipitwa na Jacques Anquetil kwa sekunde 55 tu baada ya wiki tatu za barabara. Wafaransa walimwita wa pili wa milele, na wakampenda kwa hilo kuliko walivyompenda Anquetil aliyekuwa akimshinda.

Sasa mlete Poulidor kwenye Kiswahili chetu. Alikuwa "mshindi wa pili" mara 3 na "mshindi wa tatu" mara 5. Tatu na tano ni nane. Kwa hiyo Poulidor alikuwa mshindi mara 8. Anquetil alishinda mara 5. Eddy Merckx, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mpanda baiskeli mkubwa kuliko wote, alishinda mara 5. Kumbe aliyewazidi wote ni Poulidor! Mtu ambaye sifa yake yote, mapenzi yote aliyopendwa, yalitokana na kutoshinda, sisi tumemvika ushindi mara nane kwa mkupuo, na kwa kumvika tumemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho.

Mwongeze na Laurent Fignon. Alishinda mwaka 1983 na mwaka 1984, kwa hiyo ni mshindi mara mbili. Mwaka 1989 LeMond alimpita siku ya mwisho, katika mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa kutoka Versailles hadi Paris. Asubuhi LeMond alikuwa nyuma kwa sekunde 50, jioni alikuwa mbele kwa sekunde 8, na hakuna tofauti ndogo kuliko hiyo iliyowahi kuamua Tour. Kwa hiyo Fignon ni mshindi mara mbili na pia mshindi wa pili. Jaribu kumweleza hilo mtu kwa simu yenye mtandao mbovu.

(Kwa kuwa tumemtaja LeMond: yule kweli "aliibuka" mshindi. Kuibuka ni kutoka chini ya maji. Lakini nasikia anaibuka mshindi hata mtu aliyevaa jezi ya njano tangu hatua ya pili na hakuivua tena. Alizama saa ngapi?)

Na katika mbio za hatua neno mshindi lina kazi nyingi za halali, ndiyo sababu ya kulitunza. Kila hatua ina mshindi wake. Jezi ya pointi ina mshindi, ya milimani ina mshindi, ya vijana ina mshindi, timu nazo zina mshindi. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 na jezi ya kijani ya pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, ingawa katika jedwali la jumla alikuwa mbali chini, kama ilivyo kawaida ya mafundi wa kuchomoka mita za mwisho za hatua. Huyo wa chini ni mshindi kwelikweli, na wa pili kwa jumla wa mwaka huo, Jonas Vingegaard, aliyekuwa nyuma ya Tadej Pogačar kwa dakika 6:17, hakuwa mshindi wa jumla. Mkichanganya, hamtajua hata ninyi wenyewe tofauti ya "mshindi wa hatua ya pili" na "mshindi wa pili wa hatua". Wa kwanza alipanda jukwaani kupokea maua. Wa pili alikuwa akimtazama.

Nasikia mtetezi akisema: shinda ina maana mbili. Ni kweli. Kuna kumzidi mwenzako, na kuna kukaa mahali mchana kutwa, kama mtu alivyoshinda shambani au alivyoshinda njaa. Kwa maana hiyo ya pili nakubali mara moja: mshindi wa 143 alishinda kwenye baiskeli, alishinda mlimani, alishinda akitazama migongo ya wenzake, hatua zote 21. Ila huyu wa kwenu aliishi ndani ya kompyuta, kwa hiyo walioshinda mahali hapo ni ninyi, kwenye viti.

Uamuzi basi. Wa juu mwite mshindi, na "wa kwanza" uifute, kwa sababu mshindi wa jumla akiwa mmoja haina la kufanya. Wanaofuata wamemaliza wa pili, wamemaliza wa tatu, wameshika nafasi ya nne. Ukiona sentensi inarefuka, kumbuka unaandika jedwali: weka kichwa cha safu kinachosema "Nafasi", chini yake andika 1, 2, 3 hadi 143, na nambari zitafanya kazi bila msaada wa nomino. Wa mwisho kabisa usihangaike naye, lugha imeshamtunuku: ni mshika mkia. Wafaransa humwita taa nyekundu, ile ya nyuma ya treni. Sisi tuna mkia, unatosha.

Ambapo kuna zawadi tatu na watu watatu wakaitwa mbele, sitapigana na anayesema "washindi watatu". Kila mmoja ameshinda kitu, angalau bahasha, na mshindi wa zawadi ya pili ni mtu ninayeweza kumpa mkono. Najua pia kwamba "mshindi wa pili" itasomwa kwenye taarifa ya habari leo saa 2 usiku, na kesho, na siku zote nitakazokuwa na masikio. Nimeshazoea kuzima redio taratibu badala ya kuitupa. Lakini kuanzia wa nne kwenda chini sina huruma.

Limebaki "msimamo wa mwisho". Ligi inayoendelea ina msimamo, kwa sababu kesho utabadilika, na mbio zilizokwisha zina matokeo. Ningekuwa mimi ningeandika "Matokeo ya mwisho kwa jumla". Hata hivyo ukiandika "msimamo wa mwisho wa jumla" nitapita bila kusimama. Wengi wanasema hivyo, hakuna anayepotea njia, na nguvu zangu za leo zimeishia kwa Poulidor.