Kabla fundi hajang'oa mipira ya vakyumu kwenye gari yako ya zamani

Wakuu, ukifungua boneti ya gari ya zamani ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli), iwe Suzuki, Hilux au Land Cruiser ya petroli, utakuta vimipira vyembamba kama tambi vimezunguka kila kona, na fundi wa kwanza utakayempelekea atakwambia "bosi haya madude ni ya moshi tu, huku kwetu hayana kazi, tutoe gari ipumue". Mimi nilikubali. Jimny 1300 yangu ilichomolewa mipira karibu yote, matundu yakazibwa kwa bolti, na mimi bila aibu nikapiga picha injini ilivyokuwa safi.

Siku chache mbele napandisha ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, gari haina nguvu kabisa, temperecha inapanda, ndani kunanuka petroli mpaka kichwa kinauma. Nasimama pembeni nafungua boneti, oili imetapakaa kwenye kava ya juu. Nikafungua kifuniko cha tenki, fyuuuu, ikatoka pumzi kama tairi lililochomwa msumari.

Makosa yalikuwa yangu, nilikubali kutolewa kitu ambacho sikijui.

Iko hivi. Pistoni zikivuta hewa na wewe hujakanyaga mafuta, kile kibati ndani ya kabureta kimefunga, kwa hiyo kwenye manifodi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) kunabaki nguvu ya kufyonza. Hiyo ndo vakyumu. Watengenezaji wa zamani hawakuwa na kompyuta, wakaitumia kama fundi mdogo wa ndani anayejua mguu wako umekanyaga kiasi gani. Kweli vitu vingine vililetwa na sheria za moshi, California walianza miaka ya 1960 na Japani wakabana sana miaka ya 1970, lakini injini ikatuniwa pamoja navyo, huwezi kung'oa kimoja ukategemea vingine vibaki vilevile.

Mpira unaoenda kwenye distributa (kile kinachogawa cheche kwenye plagi) kwa mfano hauna uhusiano na hizo sheria za moshi. Ukienda mwendo wa kawaida mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mwepesi, unaungua taratibu, kwa hiyo cheche inatakiwa iwahi kidogo, na kinachoiwahisha ni huo mfyonzo. Ukiuziba gari inakunywa mafuta, inakuwa nzito na inapata joto. Kupima hauhitaji mashine: fungua kava ya distributa, nyonya mpira kwa mdomo (ufute kwanza jamani), kile kisahani cha ndani kitasogea, ziba na ulimi, kikirudi chenyewe ujue ngozi ya ndani imetoboka.

Oili iliyotapakaa ilitokana na kuzibwa PCV, valvu ya kupumulisha injini. Kuna gesi inapenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, valvu ya PCV inaifyonza irudi kuungua. Ukiziba, presha inatafuta njia na njia yake ni sili na gasketi. Chomoa utikise, ikilia kakaka iko hai, na gari ikiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) weka kidole kwenye tundu utahisi inanyonya. Harufu ya petroli na ile pumzi ya tenki zilitokana na kuchomolewa mpira wa kopo la mkaa, kopo ambalo linahifadhi mvuke wa tenki mpaka injini ipate moto ndo inauvuta na kuuchoma. Yaani ni mafuta yako mwenyewe.

EGR, valvu ya kurudisha moshi, ndo inayotukanwa kuliko vyote. Inarudisha moshi kidogo ndani ili joto la mlipuko lishuke. Watu wanasema inakula nguvu, ila ikiwa nzima inafunga kwenye sailensa na inafunga ukikanyaga mafuta mpaka chini, sasa nguvu inakula saa ngapi? Ikikwama wazi hapo sawa, gari inatetemeka na kuzima. Isafishe masizi kwanza.

Nilivyorudisha: nilisoma ule mchoro wa mipira uliobandikwa chini ya boneti, maandishi Kijapani lakini mishale haina lugha. Piga picha kwanza, halafu chomoa mmoja, kata mpya urefu uleule, rudisha, ndo uende mwingine. Usichomoe yote kwa pamoja hata kama unajiamini. Vile vivalvu vya plastiki vinavyofungua na kufunga vakyumu kufuata joto la injini, chuchu zake zinakatika kama biskuti, usivute, pasua mpira kwa wembe.

Na tafuta geji ya vakyumu, ila usidanganywe na namba za kitabu. Usawa wa bahari injini nzima kwenye sailensa inasoma kama inchi 17 mpaka 21 za zebaki, lakini inashuka karibu inchi moja kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo Arusha huku mita kama 1,400 mimi nikisoma 15 na sindano imetulia nashukuru. Sindano ikichezacheza au ikisoma chini sana, kuna sehemu inavuta hewa ya wizi.

Yangu mlima wa Karatu sasa inapanda bila kelele. Chuchu moja ya EGR nilivunja mwenyewe kwa haraka zangu, kwa hiyo hiyo bado imezibwa na taimingi (muda wa cheche kuruka) nimeirudisha nyuma kidogo injini isigonge, kuna jamaa ananitafutia spea Gerezani, Dar.