Barua kwa mwanangu: chuo kimekuajiri, kampuni inakuita

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na baba yako ameisoma. Kampuni inayouza vifaa vya kupima floridi kwenye maji, yale madini ambayo yakizidi huharibu meno, inataka uwe mshauri wao, siku mbili kwa mwezi, kwa malipo yanayozidi posho zote ulizowahi kupata chuoni, na wamegusia kukupa hisa. Mwakani maabara ya idara yenu itanunua vifaa vya aina hiyohiyo. Tena mwanafunzi wako wa shahada ya umahiri anafanya utafiti wake kwa kutumia kifaa chao. Unauliza: ukikubali utakuwa umekosea? Na ukilieleza jambo hili chuoni kwa maandishi, si utakuwa umejishtaki mwenyewe?

Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloponza watu. Kuwa na mgongano wa maslahi peke yake hakukufanyi mkosaji. Una wajibu kwa chuo, una faida mahali pengine, na viwili hivyo vimekutana kwenye uamuzi mmoja. Hata mtu mwadilifu kabisa hujikuta hapo bila kufanya lolote baya. Kosa huanza pale anapojua, akanyamaza, na akaendelea kukaa kwenye meza ya kuamua.

Nilipokuwa ofisi ya ugavi, wajumbe wa kamati ya tathmini walikuwa wanasaini karatasi ya kutamka kwamba hawana maslahi na mzabuni yeyote. Wengi walisaini huku wakipiga soga. Siku moja tulikuwa na zabuni ya samani za kumbi za mihadhara. Mhadhiri mmoja aliisoma orodha ya wazabuni, akaweka kalamu chini, akasema, "Huyu wa tatu ni shemeji yangu." Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba shemeji si mke, tuendelee tu, muda umekwenda. Yule bwana akakataa. Akaomba iandikwe kwenye muhtasari, akachukua faili lake akatoka. Shemeji akashinda, kwa bei. Mzabuni aliyekosa akalalamika, kama ilivyo haki yake, na majalada yakaitwa. Mistari mitatu ya muhtasari ule ndiyo iliyotuokoa sote: maneno yake yalikuwapo, saa aliyotoka ilikuwapo, na sahihi yake haikuonekana popote kwenye alama za wazabuni. Fikiria kama angenyamaza, akabaki, akatoa alama kwa haki kabisa. Nani angemwamini?

Umeuliza pia kwa nini wasipige marufuku moja kwa moja kazi hizi za nje. Nchi hii ilishajaribu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi, wakiwemo watumishi wa Serikali wa ngazi ya kati na ya juu, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kenya walishika njia nyingine: mwaka 1971 Tume ya Ndegwa, iliyochunguza utumishi wa umma, iliafiki watumishi wa umma kuwa na biashara zao. Sisi tukaja kuyalegeza masharti yale Zanzibar mwaka 1991, baada ya miaka ambayo mshahara ulikuwa haufiki katikati ya mwezi na wahadhiri walikuwa wanafuga kuku uani. Baba yako bado anaamini Azimio lilikuwa sahihi, na tumebishana sana juu yake. Mimi naona katazo lisiloendana na mshahara watu watalivunja kwa siri, na ruhusa isiyo na masharti inaifanya ofisi ya umma kuwa duka la mtu. Tena sitaki ujifungie chuoni. Mhadhiri anayefanya kazi na watu wa nje huwaletea wanafunzi matatizo ya kweli. Kwa hiyo kama chuo chenu kina kitengo cha ushauri wa kitaalamu, mkataba upitie huko, chuo kichukue sehemu yake, na siku zako ziandikwe.

Ila usidhani ukishatamka umemaliza. Mwaka 1999 huko Marekani, kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki katika jaribio la tiba ya jeni, yaani kutibu ugonjwa kwa kuingiza jeni mwilini, Chuo Kikuu cha Pennsylvania. James Wilson, aliyeongoza taasisi iliyofanya jaribio hilo, ndiye aliyeianzisha kampuni ya Genovo, iliyokuwa inaifadhili taasisi yake, na chuo chenyewe kilikuwa na hisa humo. Kamati ya chuo ilijua yote hayo na iliweka masharti. Hakuna aliyethibitisha kwamba fedha ndizo zilizomuua kijana yule. Lakini alipokwisha kufa, kila uamuzi uliofanywa kabla yake ulitazamwa kwa jicho la zile hisa. Familia ilishtaki, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2000.

Ndiyo maana kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni huyo mwanafunzi. Zabuni ni rahisi: utajitoa kwenye kamati, hutaandika sifa za kifaa kinachotakiwa, hutapita ofisini kwa mtu kumnong'oneza. Mwanafunzi hana pa kujitoa. Wewe ndiye unayesaini tasnifu yake. Tuseme amepima maji ya kisima Arusha, kifaa kikasoma miligramu 1.2 kwa lita, yaani chini ya kiwango cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani, kisha kipimo cha maabara kikaonyesha 2. Je, ataweza kukuletea karatasi hiyo akijua nani anakulipa? Hata usipomkemea, atakaa nayo kwanza. Atajiuliza kama amekosea yeye. Pengine atarudia kupima mpaka apate namba inayokupendeza. Na huko kisimani kuna watoto ambao meno yao yanageuka kahawia.

Mtafutie msimamizi mwingine kabla hujasaini chochote, na umweleze sababu waziwazi, asije akafikiri amekuudhi. Kwenye mkataba tafuta kifungu kinachowapa kampuni haki ya kuzuia matokeo yasichapishwe. Kikiwapo, kiondolewe, wakigoma, achana nao.

Hisa usipokee. Malipo ya siku mbili yanaisha ukishalipwa, lakini hisa inakufanya uombee kila kifaa kinunuliwe, kikiwemo kile kinachosoma vibaya. Umeniambia mkuu wako wa idara alisema "kila mtu anafanya, usijisumbue". Huenda ni kweli kila mtu anafanya. Lakini maneno ya kwenye korido hayana tarehe wala sahihi, na siku ya maswali hatakumbuka kama aliyasema. Mwandikie yeye, nakala kwa amidi: kampuni gani, kazi gani, siku ngapi, malipo kiasi gani, na maamuzi yapi unajitoa. Ukurasa mmoja unatosha. Usianze kazi kabla hujapata jibu la maandishi.

Nitumie rasimu yako Ijumaa, nitaisoma kabla hujaipeleka. Na kiasi cha malipo usikifiche hata kwenye rasimu ya kwangu.

Wasalimie wajukuu wangu.

Mama yako