Jamarati halitokani na "jamaa": majina ya vituo vya Hija

SWALI: Naandaa kijitabu cha mahujaji wa kikundi chetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Klipu inayozunguka kwenye simu inasema jina Jamarati, pale Mina mahujaji wanapotupa vijiwe, limetokana na "jamaa", kwa kuwa watu hukusanyika pale, na Arafa, uwanda wa kisimamo cha Hija, limetokana na Adamu na Hawa kutambuana. Niyaandike?

JIBU: La kwanza lifute. La pili liandike kama kisa, usiliandike kama maana ya neno.

Kosa la klipu hiyo hurudi kila msimu wa Hija. Mtu huchukua jina la Kiarabu lililokwisha kuandikwa kwa herufi za Kirumi, akalisikiliza kwa sikio la Kiswahili, akatafuta neno lililofanana nalo. Wazee waliokuwa wakiandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wasingejikwaa hapo, maana herufi ya ain, ambayo Kirumi hakina, wangeiona. "Jamaa" ni jim-mim-ain. Jamarati ni jim-mim-ra, na ra hiyo ni ya mzizi, yaani zile herufi za msingi zinazobeba maana ya neno la Kiarabu, huwezi kuitupa. Jamra ni kijiwe, na pia kaa la moto. Wingi wake ni jamarat, na vijiwe ndivyo mahujaji wanavyookota: 7 vya mwezi 10 Mfunguo Tatu, 21 vya mwezi 11 na 21 vya mwezi 12, jumla 49, au 70 kwa anayebaki hadi mwezi 13. Wako pia wanaofundisha kwamba jamra ni nguzo. Nguzo zenyewe ziliondolewa mwaka 2004 zikawekwa kuta ndefu, na jina likabaki lilelile.

Kinachoudhi ni kwamba jina la kukusanya lipo kwelikweli njia hiyohiyo. Muzdalifa, mahujaji wanapolala wakitoka Arafa, huitwa pia Jam', kwa jim-mim-ain. Kufungua kamusi mara moja kungetosha. Muzdalifa lenyewe lina mzizi wa zai-lam-fa, kusogea karibu, na dal iliyo katikati asili yake ni ta: katika umbo hilo la kitenzi, ta ikifuata zai hugeuka dal. Kwa hiyo anayelihusisha na "dalili" amejenga juu ya herufi isiyo ya mzizi.

Vilima viwili vya kusai navyo: Safa ni jabali laini, Marwa ni jiwe jeupe la gumegume.

Arafa ni ain-ra-fa, mzizi uleule uliotupa "maarifa" na "taarifa". Nani alimtambua nani ni jambo jingine. Husimuliwa Adamu na Hawa, na husimuliwa pia Jibrili akimwonyesha Ibrahimu ibada kisha akimuuliza kama amejua. Jina moja haliwezi kuzaliwa mara mbili. Linganisha na Juhfa, mahali pa kuhirimia (kuingia katika ihramu) watu wa Sham, yaani Siria na jirani zake, na Misri: jina lake la zamani, Mahyaa, limehifadhiwa, mzizi ni wa kukumba na kuzoa, na kisa ni cha mafuriko yaliyowazoa wakazi. Hapo mzizi na kisa vinashikana.

Ugonjwa huu haukomei Makka. Hapa Mombasa kuna wanaohangaikia asili ya Ndia Kuu, ilhali "ndia" ni "njia" kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, basi. Kilindini ni kilindi, maji ya kina, na -ni ya mahali. Anayekueleza jina la mtaa bila kuijua lahaja ya mtaa huo, usimwandike.

Kwenye kijitabu, kila jina lipe mistari mitatu: jina kwa herufi za Kiarabu, mzizi na maana yake, kisha kisa kikitanguliwa na "husimuliwa kuwa". Kabla ya kupeleka kwa mpiga chapa, mwalimu wa Kiarabu akague herufi moja moja, hasa ha mbili (ح na ه), sin na sad, na ain.